Nileteeni Mpiga Kinanda

Kila Jumapili, kati ya pambio la mwisho na maombi, kuna dakika chache ambazo kanisa zima linanitegemea bila kujua. Dramu imenyamaza. Mpiga besi ameegemeza gitaa ukutani na kuinamisha kichwa. Mimi nabaki. Mkono wa kushoto unashikilia noti moja ya chini, siiachii. Wa kulia unafungua zile sauti ndefu, laini, zisizokatika, ambazo wapiga kinanda tunaziita pedi. Kule nyuma fundi mitambo anaongeza mwangwi kidogo kwenye maiki ya kiongozi wa sifa. Kiongozi anafumba macho, anasubiri, halafu anasema kwa sauti ya chini: "Uwepo wa Mungu uko mahali hapa."

Na hapo mtu anaanza kulia. Mara nyingi ni upande wa akina mama, safu za katikati. Kisha kijana mmoja anapiga magoti kwenye njia, kisha wawili, kisha huwezi tena kuhesabu.

Sasa, mimi najua nilichofanya. Najua nikipanda nusu sauti pale, mikono itainuka. Najua nikishusha sauti ghafla na kuacha noti moja tu ikining'inia, watakaokuwa wamesimama watainama. Mpiga kinanda yeyote wa kanisani anajua haya, hata kama hayasemi, maana akiyasema ataonekana amekosa adabu mbele za Bwana. Na akikaa kwenye kinanda muda wa kutosha, swali litamjia lenyewe, siku asiyoitarajia, pengine katikati ya maombi ya mkesha saa tisa usiku: hawa watu wanamlilia Mungu, au wananililia mimi?

Nimewahi kuwauliza wenzangu. Wapo waliocheka. Rafiki yangu mmoja aliyeacha kwenda kanisani miaka mingi iliyopita aliniambia swali limejijibu, mimi ndiye Roho Mtakatifu wa usharika wetu na ninastahili nyongeza ya posho. Wapo waliokemea, mama mmoja wa maombi alinishika bega akaanza kuomba pale pale, akifukuza roho ya mashaka. Wote wawili nawapenda, lakini nadhani wamelikimbia swali, kila mmoja kwa mlango wake.

Tuanze na mwenye kucheka. Ni kweli muziki unashika mwili. Mwaka 2013 watafiti wa Göteborg, Uswidi, waliwapima mapigo ya moyo vijana waliokuwa wakiimba pamoja, wakaona mapigo yanapanda na kushuka kwa pamoja kufuatana na jinsi wimbo unavyowalazimisha kuvuta pumzi. Aliyewahi kuimba kwenye kwaya hashangai. Ukiimba sauti ya tatu na wenzako kwa saa nzima, mnatoka mkiwa kama mmetoka safari moja. Lakini kusema kwamba kwa sababu mwili umeguswa basi Mungu hakuwepo, huko ni kuruka mtaro usio na daraja. Mungu wa Biblia hajawahi kuuonea haya mwili. Aliuumba, akauvaa, akaufufua. Akitaka kunigusa, atapitia wapi kama si kwenye haya masikio na hiki kifua? Kwa hiyo hoja ya rafiki yangu hainisumbui sana.

Inayonisumbua ni ile ya upande wetu wenyewe, ya kudhani kwamba machozi yakishatoka kazi imekwisha, na kwamba tukipanga nyimbo vizuri tunaweza kumshusha Mungu kwa ratiba, saa nne na robo, kabla ya matangazo.

Katika kulihangaikia hili nimerudi kwenye Biblia kama mtu wa fani yangu. Mafundi seremala husoma habari za safina na hema ya kukutania kwa jicho lao. Na mimi nimetafuta wapiga vinanda. Nimewakuta watatu ambao sijaweza kuwaacha.

Wa kwanza hana hata jina. Yumo katika 2 Wafalme sura ya 3. Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, wametoka kwenda kupigana na Moabu, wamezunguka nyikani siku saba, maji yamekwisha kwa jeshi na kwa wanyama. Wanamwendea Elisha. Nabii amekasirika. Anamwambia mfalme wa Israeli aende kwa manabii wa baba yake na mama yake. Kama si heshima kwa Yehoshafati, mfalme wa Yuda, asingemtazama hata usoni. Halafu, katikati ya hasira hiyo, anasema nileteeni mpiga kinanda. Yule mtu akapiga, na alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia Elisha.

Napenda sana kwamba habari hii imeandikwa bila aibu. Nabii mkubwa, aliyeomba na kupokea sehemu maradufu ya roho ya Eliya, anahitaji muziki ili atulie. Hakuna anayemwambia "huo ni mhemko tu." Mimi nikisikia mtu anaponda vyombo kanisani kana kwamba Mungu anapenda kavukavu, namkumbuka yule ndugu asiye na jina aliyeitwa katikati ya kiu. Lakini angalia kilichofuata. Neno lililokuja halikuwa la kusisimua hata kidogo: chimbeni mahandaki katika bonde hili. Hamtaona upepo, hamtaona mvua, lakini bonde litajaa maji. Yaani muziki ukaisha, watu wakashika majembe usiku kucha kwenye ardhi kavu.

Wa pili ni Daudi. Mfalme Sauli anasumbuliwa na roho mbaya, anatafutwa kijana anayejua kupiga kinubi, Daudi anapiga, na Biblia yetu inasema Sauli akaburudishwa, akawa hajambo. Akawa hajambo! Kama ibada ingepimwa kwa jinsi mtu anavyojisikia anapotoka, hapo tungefunga kitabu. Ila sura mbili mbele, katika nyumba ileile, mkono uleule unapiga kinubi kama siku zote, na Sauli anamtupia mkuki mpigaji mwenyewe. Mara mbili. Alikuwa ameburudishwa mara nyingi bila kubadilika. Kuna kitu hakuwahi kukitoa mkononi, na kitu chenyewe kilikuwa ule mkuki.

Wa tatu si mtu mmoja, ni wale wapiga vinanda wa siku za nabii Amosi, ambao Mungu anawaambia waondoe kelele za nyimbo zao, hataki kusikia sauti ya vinanda vyao. Anataka hukumu itelemke kama maji, na haki kama maji makuu. Amosi sura ya 5. Sijui wale wapigaji walikuwa hodari kiasi gani. Naamini walikuwa hodari sana, kwa sababu hakuna sikukuu inayofanyika kwa fahari namna ile na wapigaji wabovu. Na naamini watu walikuwa wakilia.

Basi kinanda kimoja Mungu alikitumia, kingine alikikataa, na cha katikati kilimburudisha mtu aliyebaki kuwa muuaji. Katika zote tatu kinanda hakina kosa, na wala sifa si yake. Kinachozitenganisha kiko nje ya muziki, na mara nyingi kinaonekana baadaye sana.

Hapa ndipo ninapolazimika kuzungumzia Uamsho wa Afrika Mashariki, ile harakati ya toba na wokovu iliyopita makanisani kwetu, maana mimi ni mtu wa Kagera, na kwetu huwezi kusema habari za uwepo wa Mungu ukawaruka wale wazee.

Wengi wa kizazi changu wanausikia kama historia ya bibi zao. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho; Rwanda ilikuwa imepitia njaa kali. Pale kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akihubiri mitaani. Wawili hao walikaa wakasoma Biblia na kuomba kwa siku mbili. Hakuna jukwaa, hakuna vyombo. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, akawa mchungaji, akafariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na moto ukazidi badala ya kuzimika. Ukaingia Kenya, ukaingia Burundi, ukavuka mto Kagera hadi Bukoba kwa Walutheri. Askofu Josiah Kibira alikuwa mtoto wa Uamsho huo kabla hajawa, mwaka 1977, Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, katika mkutano uliofanyika hapa Dar es Salaam.

Wazee wa Uamsho walilia pia, tena usiku kucha, majirani walilalamika. Walitetemeka, walianguka. Kwa hiyo wasije wakasifiwa kana kwamba walikuwa watu wa ukimya. Na walikuwa na makosa yao: walikuwa wepesi kumwona asiyekiri kama wao kuwa hajaokoka, na wapo waliokiri dhambi hadharani wakitaja na majina ya wenzao ambao hawakuwa tayari, nyumba zikavunjika. Ila walikuwa na desturi moja ambayo nadhani tumeipoteza. Mtu akisimama na kusema Bwana amemgusa, walimshangilia kwa "Tukutendereza Yesu," yaani tunakusifu Yesu, kwa Kiganda, hata kama hakuna Mganda chumbani. Kisha walisubiri kuona atarudisha nini. Watu walirudisha fedha, mifugo, vitu vya mwajiri. Walikwenda kwa adui zao kuomba msamaha. Waliita kutembea nuruni, kutoka katika 1 Yohana: tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi.

Niliwahi kuiona desturi hiyo kwa macho yangu. Nilikuwa likizo kijijini, shangazi akanichukua kwenye ushirika wa ndugu jioni moja. Watu walikaa sebuleni juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, wengi wao wazee, sahani ndogo ya kahawa za kutafuna inazunguka. Nilitafuta kwa macho kinanda, ngoma, hata kayamba. Hakuna. Waliimba kwa Kihaya na Kiganda, kila mmoja kwa sauti yake, na kusema kweli hawakuwa kwenye ufunguo mmoja. Kwa sikio langu la Dar es Salaam ilikuwa adhabu.

Katikati ya wimbo mzee mmoja alisimama. Hakupandisha sauti. Alisema, "Ndugu, Bwana amenionyesha ule mpaka." Akaeleza kwa maneno machache kwamba jirani yake alipokuwa mgonjwa, kabla hajafariki, yeye aling'oa mimea ya mpaka wa kibanja usiku na kuipanda upya hatua kadhaa ndani ya shamba la yule mgonjwa. Mjane hakuwahi kuuliza. Miaka imepita. Migomba aliyoipanda pale imeshazaa na kuzaa tena.

Nilitazamia kilio. Hakuna aliyelia. Waliimba Tukutendereza, ubeti mmoja, wakanyamaza. Kisha yule aliyeongoza akauliza, kama mtu anayeulizia saa ya basi, "Kesho saa ngapi, mzee?"

Asubuhi tulikwenda. Umande ulikuwa bado kwenye migomba, na mimi nilifuata nyuma kwa sababu shangazi alifuata na sikutaka kubaki peke yangu. Yule mzee alibisha hodi, mjane akatoka, wakasalimiana kwa Kihaya salamu ndefu kama kawaida, habari za nyumba, habari za watoto, habari za mvua. Kisha akasema, "Mama, nimekuja na jembe. Mpaka niliusogeza mimi." Mjane hakushangaa. Alitazama lile jembe, akatazama shamba, akatembea mbele yetu hadi kwenye mpaka, akapita, akaingia ndani kabisa ya migomba ya mzee. Akafunua majani makavu kwa mguu. Chini yake kulikuwa na kisiki cheusi, kimeoza nusu. "Ulikuwa hapa," akasema. "Panda kuanzia hapa."

Alikuwa anajua siku zote.

Mzee alianza kuchimba. Migomba iliyokuwa katikati ya mpaka wa uongo na ule wa kweli aliiacha kwa mjane, pamoja na mikungu yake. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Hakuna aliyesema uwepo wa Bwana uko mahali hapa. Nami, ninayejua kufungua milango ya machozi kwa mkono mmoja, magoti yalinilegea nikakaa kwenye gogo. Sijui niliogopa nini. Najua tu kwamba kama ningeambiwa nivue viatu, ningevua.

Kule Betheli, Yakobo aliamka usingizini akasema: "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Mtoro aliyemdhulumu ndugu yake, amelala kichwa juu ya jiwe. Sijasikia watu wakikumbuka kwamba safari yake iliishia wapi: miaka baadaye, anarudi kwa Esau, ndugu yake yule, huku anachechemea, anainama hata nchi mara saba, anamwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Ngazi ya malaika aliyoiota pale Betheli alipewa bure usingizini. Kwenye uso wa Esau ilibidi aende kwa miguu, na mifugo ya kutosha mbele yake.

Sitaki kugeuza hili kuwa kipimo kipya cha kuwapimia watu. Mkesha wetu mmoja wa mwisho wa mwezi, kijana wa bodaboda alilia mpaka fulana ikaloa, wakati mimi nimeshikilia pedi ileile ya kila siku na akili yangu iko kwenye nauli ya kurudi nyumbani. Wiki ileile alikwenda kwa kaka yake waliyekuwa hawasemezani kwa sababu ya pikipiki, wakamaliza. Mungu alipita kwenye mikono yangu wakati mimi mwenyewe sipo. Na ninamfahamu dada anayelia kila mkesha, kila mkesha, na dada yake wa tumbo moja hajapigiwa simu tangu msiba wa mama yao. Sijui moyoni mwake kuna nini. Pengine machozi yale ndiyo mahandaki, na maji hayajafika. Mimi kazi yangu ni kinanda. Hukumu ina mwenyewe.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao hauimbwi kwenye mapambio, nao ni pale unapofanya kila kitu sawasawa na usihisi chochote.

Baba alipofariki nilirudi kwenye kinanda mapema mno, labda kwa sababu mikono ilitaka kazi. Nilipiga. Watu waliinua mikono, waliguswa, waliniambia baada ya ibada kwamba siku hizi upako umeongezeka. Ndani yangu kulikuwa kama chumba kilichohamwa. Ilichukua miezi. Nilisoma Zaburi ya 88, ile inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila "lakini" ya kufariji mwishoni, nikashangaa kwamba waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Maana sisi tungeiondoa. Kwenye orodha ya nyimbo za Jumapili hatuna wimbo unaoishia gizani.

Nilimwendea mchungaji mstaafu ninayemheshimu. Nilitegemea aniambie nifunge na kuomba. Aliniuliza kama nakwenda mezani pa Bwana. Nikasema naam, lakini sihisi kitu. Akacheka kidogo. Akanikumbusha kisa cha Marburg, Ujerumani, Oktoba 1529, wanamatengenezo wa kanisa Martin Luther na Huldrych Zwingli wanabishana kama Kristo yupo kweli katika mkate na divai. Luther alichukua chaki akaandika mezani kwa Kilatini: huu ndio mwili wangu. Na hakutoka hapo. "Wewe unadhani," mchungaji akasema, "aliandika: huu ndio mwili wangu ukijisikia vizuri?"

Kwa Mlutheri hilo ni la kipaimara, nililikariri nikiwa na miaka kumi na kitu. Lakini Jumapili iliyofuata nilipopiga magoti kwenye reli ya madhabahu, kulia kwangu bibi mmoja mzee sana alikuwa anasinzia. Mjukuu alimshtua kwa kiwiko mkate ulipofika. Akafungua kinywa, akapokea, akaendelea kusinzia. Nilimwonea wivu. Hakuwa amepanda kokote wala hakuna kilichoshuka kwa ajili yake kwa namna ya kuonekana. Alifunguliwa mdomo akapewa. Mimi pia nilipewa, kwa maneno yaleyale.

Baadaye nilisoma habari za Mfaransa mmoja wa karne ya 17, Nicolas Herman, mwanajeshi aliyejeruhiwa vitani, akaingia kwa watawa Wakarmeli wa Paris mwaka 1640 na kupewa jina la Ndugu Lawrence. Hakuwa padri wala msomi. Alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda, na baadaye kushona viatu vya wenzake. Anajulikana dunia nzima kwa kusema kwamba kwake saa ya kazi haikuwa tofauti na saa ya sala. Katikati ya kelele za jiko, watu wengi wakimtaka vitu vingi kwa wakati mmoja, alikuwa na Mungu kwa utulivu kama aliye mbele ya sakramenti. Watu hupenda kuishia hapo. Mimi kilichonishika ni kwamba miaka yake kumi ya kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa ya mateso makubwa ya nafsi. Kumi. Huku sisi tunataka jambo liwe limetokea kabla ya sadaka ya pili.

Utulivu wangu haukurudi kwa kishindo. Ulirudi kidogo kidogo, na nusu yake sikuuona unaingia. Siku moja nilijikuta nje ya kanisa baada ya ibada, mnada unaendelea, mwinjilisti anapiga kelele juu ya jogoo mmoja aliyefungwa miguu, akina mama wanapandishiana bei kwa makusudi ili mfuko wa jengo upate, mmoja amenunua mkungu wa ndizi na kuurudisha unadiwe tena. Nikacheka kwa sauti. Ndipo nikajua chumba kina mtu.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya mabadiliko niliyoyaomba usharikani kwetu. Nilimwomba mchungaji kwamba wakati wa maungamo, na dakika chache baada ya mahubiri, kinanda kinyamaze kabisa. Pedi isiwepo. Fundi mitambo azime mwangwi. Mtu abaki na Mungu na jina la yule anayemdai, au la yule mwenye deni kwake. Nyimbo zote nyingine tupige kwa nguvu, dramu ipigwe, sebene ichezwe, sina ugomvi nayo. Lakini pale penye jembe, muziki upishe.

Mchungaji alikubali kwa majaribio. Jumapili ya kwanza watu walidhani umeme umekatika. Wazee wawili walitoka kwenda kuangalia jenereta. Mtoto alilia, mtu akakohoa, feni zikasikika kumbe zina mlio. Baada ya ibada maoni yalikuwa mengi, na si yote mazuri. Mama mmoja aliniambia alijisikia kama amevuliwa nguo. Kijana mwingine, mzungumzaji sana, alisema ukimya ni wa makanisa yaliyokufa. Kiongozi wa sifa, ambaye ni rafiki yangu wa karibu, ananiambia kwa upole kwamba namnyima ngazi, kwamba bila pedi hajui aombeje mbele ya watu, na mimi namwelewa, kwa sababu ukweli ni kwamba bila pedi na mimi sijui niweke wapi mikono.

Kamati ya uimbaji inakutana Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya kuu. Nimesikia mzee wa kanisa mmoja ataleta hoja kwamba dakika hizo zipunguzwe au zifutwe, maana ibada ya pili inachelewa kuanza. Mimi nitakwenda na Amosi sura ya 5. Yeye, namfahamu, atakuja na Zaburi ya 150, yenye baragumu, matari, zeze, na matoazi yavumayo sana, na itakuwa vigumu kumshinda.